Barua za Lafey: Karne ya Mizigo Inayoishia Njiani

Kifurushi kinachotumwa Lafey kutoka Nairobi hakicheleweshwi na mwenyewe kutokuwa nyumbani mletaji alipobisha hodi. Hakuna mletaji, wala hodi haibishwi. Tangu ukoloni, posta nchini Kenya imesimama juu ya sanduku: barua hufika ofisini, mwenyewe akaifuata. Anayeishi hatua chache kutoka ofisi hiyo haoni taabu. Lafey ni mji mdogo wa Kaunti ya Mandera, katikati ya El Wak na mji wa Mandera, karibu kabisa na mpaka wa Somalia na takriban kilomita 1,000 za barabara kutoka Nairobi. Huko kuifuata barua kumekuwa safari yenye gharama, na mara nyingine yenye hatari. Manung'uniko ya vifurushi visivyofika yalianza kabla ya lami, kabla ya simu, na kabla ya Shirika la Posta linalolaumiwa leo.

Posta ya Kenya ilizaliwa pwani. Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kutoa stempu zake mwaka 1890, ikihudumia Mombasa na Lamu. Reli ilipokamilika hadi Ziwa Victoria mwaka 1901, magunia ya barua yaliifuata, na ofisi za posta zikachipuka kando ya stesheni. Kaskazini hakukuwa na reli. Eneo hilo, lililokuja kuitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, lilitawaliwa kwa sheria za pekee: ile ya 1902 ya wilaya za pembezoni, kisha ile ya 1934 iliyozidi kuwabana wakazi wake. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Ni vigumu kutarajia barua iende kwa uhuru ambao mwenye kuiandika alinyimwa.

Wajir ilipogeuzwa kituo cha serikali mwaka 1912, barua ziliufikia mji huo na vituo vya mbali zaidi kwa ngamia na kwa matarishi wa miguu. Ngamia mwenye mzigo huenda kilomita 30 hivi kwa siku, na njia yake huamuliwa na visima, si na ramani. Mvua za gu (masika) na za deyr (vuli) zikinyesha, udongo mweusi hugeuka tope la kunasa, na msafara husubiri. Baadaye malori yaliufupisha mwendo, lakini mvua hayakuiweza vizuri kuliko ngamia. Ndani ya magunia mlikuwa na ripoti za maafisa, hati za mishahara ya askari na barua za Waingereza kwa jamaa zao. Wafugaji waliozunguka kati ya visima hawakuwa na mahali pa kuandika kwenye bahasha. Habari zao zilienda kwa mdomo, kisimani na sokoni, na mara nyingi zilimpita tarishi wa serikali.

Mpaka nao uliongeza kichekesho. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, upande wa pili wa mstari unaopita karibu na Lafey. Kwa muda mfupi Waitalia walilipa eneo hilo stempu zake lenyewe, zilizopigwa chapa ya Oltre Giuba, kabla ya kuliunganisha na koloni lao la Somalia mwaka 1926. Wakusanyaji wa stempu huzitafuta hadi leo. Kwa familia zenye jamaa pande zote mbili, mabadiliko hayo yalimaanisha kwamba ndugu aliyeweza kufikiwa kwa matembezi ya asubuhi alikuwa sasa ng'ambo. Barua yake, kwa njia rasmi, ingebidi iteremke hadi Nairobi na pwani, ipande meli, kisha irudi bara kupitia bandari za Waitalia. Bila shaka watu waliendelea kutembea.

Uhuru haukuifungua njia. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera ya Kenya kupandishwa, serikali ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki, na vita vya Shifta, vya waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vikadumu hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Barabara zilitegwa mabomu ya ardhini, wafugaji wakakusanywa kwa nguvu vijijini, magari yakatembea kwa msafara wenye ulinzi. Vita vilikwisha, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki hadi Novemba 1991. Kwa miaka 28 hiyo eneo zima lilikuwa chini ya maafisa wa utawala na wa usalama zaidi kuliko chini ya wizara za kawaida, na posta ilikaa palepale maafisa hao walipokaa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiendesha posta ya nchi zake kwa pamoja, ilipovunjika mwaka 1977, Kenya iliunda Shirika lake la Posta na Simu. Miji mikuu ya wilaya ilikuwa na ofisi. Vituo vidogo vilitegemea masanduku ya miji hiyo. Msimbo wa Garissa ni 70100, wa Wajir 70200, wa Mandera 70300, na barua za Lafey kwa kawaida zimesoma Mandera. Kufikia hapo kazi ya shirika ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kiliachiwa wenye hisani: mwalimu aliyekwenda mjini kufuata mshahara, dereva wa gari la serikali, mwenye duka aliyekwenda kununua sukari.

Ndiyo maana anwani ya mtu wa kijijini ilikuwa jina la mtu mwingine. Bahasha iliandikwa jina la mpokeaji, chini yake "kupitia kwa Mwalimu Mkuu" au "kupitia kwa Chifu", kisha sanduku la shule au la ofisi. Utaratibu huu ulienea Kenya nzima, na mahali ambapo nyumba hazina namba wala barabara majina, ulikuwa na maana yake. Kasoro zake zilijulikana pia. Barua ilikaa kwenye droo hadi mtu wa kijiji hicho apite. Asiyejua kusoma alisomewa, na siri yake ikawa ya wengi. Mwalimu akihamishwa, barua ziliendelea kuja kwa sanduku lisilo na mwenyewe. Walioumia zaidi walikuwa wanafunzi: barua ya kujiunga na kidato cha kwanza ikichelewa, nafasi ilichukuliwa na mwingine, na mzazi aliifungua bahasha baada ya muhula kuanza.

Barua yenyewe ilikuwa na kikwazo kingine. Kisomali hakikuwa na hati rasmi hadi Oktoba 1972, Somalia ilipochagua herufi za Kilatini. Kabla ya hapo aliyetaka kuandika aliandika Kiarabu, Kiswahili, Kiingereza au Kiitaliano, mara nyingi kwa mkono wa mtu mwingine. Haishangazi kwamba kaseti ilipofika ilipokewa kwa mikono miwili. Mtu aliketi mbele ya redio, akazungumza nusu saa, akasalimia ukoo mzima kwa majina, kisha kaseti ikasafiri mfukoni mwa abiria kutoka Jeddah au Nairobi hadi bomani. Haikuhitaji stempu, na msikilizaji hakuhitaji kusomewa.

Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, posta ya nchi hiyo ilianguka nayo. Kwa zaidi ya miaka 20 hapakuwa na ofisi upande wa pili ya kupokea gunia la barua; huduma ya kimataifa ilianza kurejeshwa mwaka 2013, kwa msaada wa Umoja wa Posta Duniani. Wakimbizi waliingia Mandera, El Wak na Dadaab, na mawasiliano yakajengwa upya bila posta kabisa. Shirika la Msalaba Mwekundu lilibeba karatasi za ujumbe wa kifamilia, zikiwa wazi ili zisomwe na kukaguliwa. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilisoma majina ya waliopoteana. Wafanyabiashara walifungua vibanda vya taar, redio za masafa marefu ambazo mtu aliita kwazo jamaa yake wa mji mwingine, foleni nzima ikimsikiliza. Redio hizo hizo zilitangulia fedha za hawala: jina na kiasi vilitajwa hewani, na mpokeaji akalipwa kabla noti yoyote haijasogea.

Wakati huo Nairobi ilikuwa ikiigawa posta yake. Sheria ya mawasiliano ya 1998 ililipasua Shirika la Posta na Simu, na mwaka uliofuata simu zikaenda Telkom, barua zikabaki kwa Shirika la Posta la Kenya. Mapato makubwa yalikuwa kwenye simu. Posta ilirithi majengo na wajibu wa kufika kila pembe bila fedha zilizokuwa zikiugharamia wajibu huo. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, manioda nayo ikadidimia. Misukosuko ya fedha iliyofuata, pamoja na vilio vya wafanyakazi kuhusu mishahara, ilisikika hata kwenye miji yenye lami. Mwisho wa njia, matokeo yalikuwa gunia linalosubiri gari.

Nafasi hiyo ilichukuliwa na basi. Anayetaka kutuma mzigo kaskazini huenda mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, kwenye ofisi za mabasi zinazopokea vifurushi hadi usiku. Mzigo hufungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ukazungushwa utepe wa gundi, na karani akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: jina, mji, namba ya simu. Jina peke yake halitoshi. Katika basi moja huweza kuwamo vifurushi vitatu vya Mohamed Abdi, na karani mwenye uzoefu huuliza jina la utani kabla ya kukata risiti. Kinachoufikisha mzigo ni namba. Mwaka 2016 Shirika la Posta lilipozindua MPost, huduma inayoigeuza namba ya simu kuwa anwani, mpango huo ulisifiwa kwa ubunifu. Makarani wa mabasi walikuwa wakifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo bila kuipa jina.

Mfikishaji wa uhakika kuliko wote eneo hilo, kwa haki, ni miraa. Majani hayo hunyauka na kupoteza bei ndani ya siku chache, kwa hiyo husafirishwa kwa magari ya mbio na kwa ndege ndogo, mvua ije jua liwake. Kwa muda mrefu magazeti, dawa na bahasha za haraka zimeomba lifti kwenye mizigo hiyo.

Njia ya basi ilikatika kwa damu. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na wanamgambo wa Al-Shabaab, na abiria 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo, na mwalimu Salah Farah aliyepigwa risasi siku hiyo alifariki Januari 2016. Mabasi yakaanza kusafiri kwa msafara wa polisi, na mengi yakapendelea njia ya Rhamu badala ya ile ya mpakani inayopita Lafey. Mzigo wa Lafey ukawa wa kuteremshwa El Wak na kutafutiwa gari, au kwenda hadi Mandera na kungoja wa kuurudisha. Walimu wasio wenyeji walipoondoka kwa wingi, uliondoka pia ule mkono uliozoea kubeba barua za kijiji.

Njia ya fedha nayo ilikatika kwa muda: Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha, nyingi zikiwa za hawala. Ziliruhusiwa tena mwezi Juni. Mashambulizi yameiangusha mara kwa mara minara ya simu katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa. Mnara ukianguka, namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa nailoni haina kazi. Karani hupiga, simu haiingii, basi huondoka.

Si kwamba hakuna kinachoweza kufika. Karatasi za mitihani ya kitaifa hufika kila mwaka zikiwa na askari, na inapobidi kwa helikopta, kwa sababu tarehe ya mtihani haisogezwi. Ni kifurushi cha serikali kwenda kwa serikali, kama gunia la ngamia la miaka ya 1920.

Kwa kifurushi cha raia, swali gumu ni la dhamana. Mzigo uliosajiliwa posta una namba, na ukipotea kuna utaratibu wa kudai fidia. Wanaobeba vifurushi kwa malipo, mabasi yakiwemo, hupaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini risiti nyingi za basi hutamka kwamba mzigo husafiri kwa hatari ya mwenyewe, na muuzaji wa Eastleigh huhesabu kwamba ameshatimiza lake anapopiga picha risiti hiyo na kuituma kwa WhatsApp: mzigo umepanda basi. Nchini Tanzania, operesheni ya mwaka 2022 ilizipa nyumba namba na mitaa majina, mjini na vijijini. Kenya imekuwa na mipango ya aina hiyo kwa miaka mingi bila kuikamilisha.

Kwa sasa, mpokeaji wa Lafey hukariri siku ambazo gari hutoka El Wak, humjua dereva kwa jina, na huomba mzigo wake uandikwe namba mbili, yake na ya mwenye duka mwenye laini ya mtandao mwingine. Uliopitilizwa hadi Mandera hurudi kwa nauli ya pili, na kwa kawaida nauli hiyo hulipwa na mpokeaji.