Mwenye Vyombo Ndiye Mwenye Bendi

Mwambie kijana wa Kona ya Musa leo twende klabu ya jazz, atakuuliza ni hoteli gani ya Diani na kiingilio ni pesa ngapi. Sawa tu, neno limehama. Lakini teremka na barabara ya Lunga Lunga, vuka Horohoro, ufike Tanga, umuulize mzee mpenda dansi jazz ni nini. Hatakutajia New Orleans. Atakutajia Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za nyumbani.

Zilipiga dansi, yaani rumba yenye asili ya santuri za Kuba ambazo HMV ilianza kuziuza Afrika mwaka wa 1933, zikiwa na namba za GV. Jina la jazz lilikuwa limeshafika: Dar es Salaam Jazz ilianzishwa 1932. Na nyingi ya bendi hizo zilikuwa klabu kweli, zenye wanachama, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Magitaa na ngoma vilikuwa mali ya klabu. Mwanamuziki akiondoka anaacha vyombo, mwingine anashika.

Sasa ingiza familia. Wilson na George Kinyonga walijiunga na Jamhuri Jazz, Tanga, 1966. Mwaka wa 1970 wakaenda Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. 1971 wakaingia Mombasa, na huko ndiko Simba Wanyika ilikozaliwa. Kilichoishikilia bendi sasa kilikuwa undugu.

Undugu una nguvu, usiubeze. Ulihimili Mombasa, ukahimili kuhamia Nairobi. Hata 1978, Omar Shabani na wenzake walipojitoa na kuunda Les Wanyika, Simba Wanyika haikufa. Lakini George alifariki 1992, Wilson akafuata 1995, na bendi ikaishia hapo. Klabu nazo hufa, ila kifo cha mtu mmoja au wawili si lazima kiwe mwisho wake.

Mombasa kulikuwa na familia nyingine: Teddy Kalanda na ndugu zake wa Them Mushrooms, bendi ya tangu 1972. Wao walipata riziki kwenye hoteli za pwani, na 1982 wakatoa "Jambo Bwana", wimbo ambao Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani, waliurekodi kwa namna yao mwaka uliofuata. Hoteli inalipa, hakuna ubishi. Lakini watalii wakipungua, jukwaa nalo linanyamaza. Na jirani wa mwanamuziki, akitaka kusikia bendi, mara nyingi ameingia kwa lango la wafanyakazi, akiwa zamu.

Ndiyo maana tukililia ukumbi wa jazz mtaani kwetu, mimi nauliza kwanza: vyombo vitakuwa vya nani? Vikiwa vya hoteli, tutapiga kinachotakiwa na mgeni. Vikiwa vya familia moja, tutacheza vizuri sana mpaka siku ya msiba. Vikiwa vya mtaa, kutakuwa na kelele za mikutano, michango kuchelewa, na mweka hazina kushukiwa kila mwezi. Lakini mtoto wa jirani, ambaye babake hajawahi kununua hata waya wa gitaa, atakuwa na kitu cha kushika.