Akata Witch: Riwaya ya watoto iliyomweka msichana mwenye ualbino katikati ya uwanja

AKATA WITCH ni riwaya ya kifantasia ya mwandishi Nnedi Okorafor, iliyochapishwa nchini Marekani mwaka 2011 kwa wasomaji wanaokaribia au walioanza ujana. Nchini Nigeria, ambako hadithi yenyewe inatokea, kampuni ya Cassava Republic iliitoa mwaka 2013 kwa jina What Sunny Saw in the Flames. Neno “akata” ni tusi ambalo baadhi ya Wanigeria huwatupia Wamarekani weusi, na si kila mzazi angependa kulikuta kwenye jalada la kitabu cha mwanawe.

Okorafor alizaliwa Cincinnati, Marekani, mwaka 1974, wazazi wake wakiwa Waigbo kutoka Nigeria. Riwaya yake ya mwaka 2005, Zahrah the Windseeker, ilimpatia Tuzo ya Wole Soyinka ya Fasihi Barani Afrika mwaka 2008.

Mhusika mkuu ni Sunny Nwazue, msichana wa miaka 12 aliyezaliwa New York na kuhamia mji wa Aba, kusini mashariki mwa Nigeria, pamoja na wazazi na kaka zake wawili. Sunny ana ualbino. Anapenda kandanda kuliko kitu chochote, ila jua humzuia kucheza na wenzake mchana, na shuleni huonewa kwa rangi yake na kwa kuzaliwa ng’ambo. Siku moja anautazama mwali wa mshumaa na kuona ndani yake dunia ikiangamia. Kutoka hapo anagundua kwamba yeye, kama nyanya yake aliyekwisha kufariki, ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye uwezo wa kiajabu. Wasio na uwezo huo huitwa Kondoo, na wazazi wake ni miongoni mwao.

Wengi wameiita riwaya hii Harry Potter ya Nigeria. Ulinganisho huo unafaa kuuza vitabu, lakini unapotosha. Sunny haendi katika shule ya bweni iliyo mbali na macho ya watu. Anarudi nyumbani, anafanya kazi zake za shule ya kawaida, kisha anatoroka usiku kwenda kujifunza, huku akiwaficha wazazi asiyoruhusiwa kuwaeleza. Uchawi wenyewe una mizizi ya mahali pale: maandishi ya nsibidi ni maandishi halisi ya kale ya kusini mashariki mwa Nigeria, na chui ndiye mnyama wa Ekpe, chama cha siri cha eneo hilo. Hata Mwamba wa Zuma, ulio karibu na Abuja, una nafasi yake katika hadithi.

Ubunifu unaopendeza zaidi ni wa fedha. Watu wa Chui hutumia chittim, vipande vya chuma vinavyoanguka kutoka hewani kila mtu anapojifunza jambo jipya. Vya shaba ndivyo vyenye thamani kubwa. Vya dhahabu ndivyo hafifu. Katika ulimwengu huo hakuna njia ya mkato ya utajiri, na anayetaka pesa bila elimu huhesabiwa mtu wa kuogopwa.

Mtu wa aina hiyo yumo. Black Hat Otokoto huwateka watoto na kuwaua kwa ajili ya kafara. Jina hilo halikuokotwa hivi hivi: Otokoto ni jina linalohusishwa na mauaji ya mtoto mjini Owerri mwaka 1996, yaliyozua ghasia kubwa. Sunny na wenzake watatu, Orlu, Chichi na Sasha, ndio wanaotumwa kumkabili.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hapa ndipo riwaya inapouma. Mwaka 2007 na 2008 watu wenye ualbino waliuawa nchini Tanzania na Burundi kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Nasi tuna tusi letu, “zeruzeru”, ambalo lilichapishwa magazetini kwa miaka mingi bila mtu kushtuka. Okorafor anaigeuza imani hiyo: msichana ambaye katika masimulizi ya wauaji angekuwa windo ndiye anayemwinda muuaji. Kwa Watu wa Chui, kile ambacho wengine hukiita kasoro ndicho chanzo cha kipawa. Orlu, ambaye kusoma humtatiza, ana uwezo wa kuyatengua mambo yaliyofungwa kwa uchawi.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mwandishi angelifikiria zaidi. Sunny akishaingizwa katika jamii hiyo, jua haliichomi tena ngozi yake, na anaweza kucheza kandanda mchana. Furaha yake inaeleweka. Lakini mtoto mwenye ualbino anayesoma kitabu hiki hatapata mwujiza huo. Atahitaji kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga ngozi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino. Ingekuwa bora Sunny abaki na ngozi yake kama ilivyo na bado afunge bao.

Masimulizi yaliendelea katika Akata Warrior (2017), iliyoshinda Tuzo ya Lodestar mwaka 2018, na Akata Woman (2022). Mauaji ya watoto hayaelezwi kwa kuficha, kwa hivyo mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka kumi afadhali aisome kwanza mwenyewe.