Mtani Kaburini

Mgeni asiyejua mila akifika kwenye msiba wa Mngoni na kumkuta Mhehe amejilaza kaburini, akigoma kutoka mpaka apewe chochote, atadhani marehemu aliacha deni. Huenda muda mfupi kabla ya hapo mtani huyohuyo alikuwa amevaa koti la marehemu, akiiga mwendo wake na namna alivyokuwa akikohoa, mbele ya mjane anayelia. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, na hakuna wa kumkemea. Akishapewa chake hutoka, akashika jembe pamoja na wenzake. Haki hii ya kuudhi watu msibani ina historia, na historia yenyewe ni ya damu.

Wangoni walivuka Mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba, wakikimbia kusini kulikochafuka kwa vita. Kiongozi huyo alipofariki Ufipa katika miaka ya 1840, watu wake waligawanyika, na baadhi ya makundi yakaishia Songea. Kaskazini mwao Munyigumba alikuwa akiwaunganisha Wahehe kuwa dola. Kuanzia 1878 hivi pande hizo zilipigana, kwanza enzi za Munyigumba na kisha za mwanawe Mkwawa, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, na hakuna aliyemmeza mwenzake. Wazee wa pande zote mbili huueleza utani wao kwa vita hivyo. Wengi tungetarajia watu waliochinjana waambiwe wasahau. Walioanzisha mila hii hawakuomba jambo gumu namna hiyo. Matusi ya vitani waliyaacha yaendelee, ila wakayawekea masharti mawili: anayetukanwa asikasirike, na anayetukana aje kuzika.

Njia ya pili ya kupata watani ilikuwa safari. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi kadhaa, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Aliyeugua ndui katikati ya njia aliachwa na msafara, akabaki na hofu mbili: nani atampa maji, na akifa nani atamfukia. Si ajabu kwamba Wanyamwezi wana utani na makabila mengi ya kuelekea pwani, Wazaramo wakiwamo. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukamata kuku wa mwenyeji bila kuitwa mwizi. Siku hizi tunalihesabu hilo kuwa mzaha, lakini kwa mpagazi aliyeishiwa posho kilikuwa chakula cha jioni.

Ninachokiona katika visa hivi viwili ni busara isiyomtegemea mwanadamu kuwa mwema. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu utani, alieleza kwamba uhusiano huu huchanganya urafiki na uadui. Maelezo hayo ni sahihi, ila yanamfanya mtani aonekane kama mizani iliyosimama. Msibani mizani haisimami: dhihaka hupewa saa moja, na wajibu hupewa kazi yote iliyobaki.

Atatokea wa kusema kwamba wema wa kulazimishwa na mila si wema, kwani mtani huzika kwa sababu asipozika ataaibika. Hoja hii ina uzito kwa anayepima nia. Lakini Aristotle, ambaye hakuwa mtu wa kudharau nia, alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kuzoea kutenda haki. Isitoshe, maiti hangoji moyo wa mzishi utakate.

Hoja nzito zaidi ni kwamba tunaupamba utani kupita kiasi, tukiuhesabia amani yote ya Tanzania. Hapa nakubali. Kiswahili, na bahati ya kutokuwa na kabila moja lenye uwezo wa kuyatawala mengine yote kwa wingi wake, vimechangia pia, pengine zaidi. Tena mzaha wa mtani unaweza kuficha dharau ya kweli, na anayeumia hana pa kulalamikia, maana kanuni imemkataza kununa. Magazeti ya michezo nayo yamelibeba neno bila wajibu wake: Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 huitwa watani wa jadi, lakini sijasikia klabu moja ikidaiwa kuchimba kaburi la mwanachama wa nyingine.

Wala vita peke yake havizai watani. Wahehe walipigana pia na Wajerumani: mwaka 1891 walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo, na mwaka 1894 Wajerumani wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa alipojiua mwaka 1898, kichwa chake kilikatwa, na fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirejeshwa Uhehe mwaka 1954 tu. Hakuna utani uliotokana na vita hivyo. Mngoni na Mhehe walikuwa wameshindwa kumalizana, wakabaki majirani, na kila mmoja alijua kwamba siku moja atamhitaji mwenzake. Mjerumani alikuwa ameshinda, na hakutegemea kuzikwa na Mhehe.