Ukialikwa Garissa Likizo ya Disemba: Cha Kubeba na Cha Kuacha Nyumbani

Likizo ya Disemba ikikaribia, familia nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu hufunga safari ya Garissa. Kuna waliooa huko, kuna walioolewa huko, kuna wenye watoto wanaosomesha au kufanya kazi za serikali huko, na harusi nazo hupangwa wakati huo kwa sababu ndipo watu wanapopatikana. Swali huwa ni lile lile: twende na nini? Mswahili haendi kwa watu mikono mitupu. Lakini cha kumpelekea khalati Kisauni sicho cha kupeleka Garissa, na tofauti yenyewe si ya ladha peke yake.

Tuanze na njia. Kutoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Hola ni zaidi ya kilomita 450. Ukiondoka alfajiri unafika alasiri, mambo yakienda vizuri. Kuna vizuizi vya polisi ambapo abiria hushuka na kuonyesha vitambulisho, na kuna Mto Tana. Mafuriko ya mwisho wa 2023, na tena ya masika ya 2024, yalikata barabara hii na kuacha wasafiri wamekwama. Juu ya hayo Disemba ni kaskazi, na Garissa joto la mchana hupita nyuzi 34 bila shida. Buti la basi lililosimama juani ni tanuri. Basi chochote unachobeba, kipime kwa safari ya siku nzima, na ukiongezee siku ya kukwama.

Mwaka mmoja sisi wenyewe tulikwenda na sufuria ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, imefungwa kwa kanga, tukitaka kumwonyesha mama mkwe wa dada yetu upishi wa Pwani. Tulipika usiku, tukatoka saa kumi na moja alfajiri. Tulipofika, tui lilikuwa limechacha na samaki ana harufu. Yule mama alitutazama, akacheka kwa adabu, akasema ameshachinja mbuzi. Aibu ilikuwa ndogo kuliko ambavyo ingekuwa kama tungekula, maana watoto walikuwa na njaa na mmoja wetu alikuwa anasema ukipashwa moto utafaa tu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 na cha baridi kibaki chini ya nyuzi 5. Katika joto la Garissa hata saa mbili ni nyingi, saa moja ni salama zaidi. Na kupasha moto hakutengenezi kilichoharibika. Wali uliokaa una vijidudu vinavyotoa sumu isiyoondoka kwa moto. Samaki kama jodari na nguru wakikaa juani hutengeneza sumu nyingine inayomfanya mlaji awashwe, aumwe kichwa na uso umwive, nayo pia haiondoki kwa kuchemsha. Kwa hiyo acha nyumbani wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, biriani, mkate wa kumimina, vitumbua, na viazi vya karai vilivyokaangwa jana. Sambusa za nyama pia. Ukitaka sana sambusa, beba manda kavu ukazijaze huko. Nyama ndiyo isiyokosekana Garissa.

Sasa vya kubeba. Cha kwanza ni halwa, na hapa sina shaka yoyote. Sukari nyingi na samli ndizo zinazoifanya idumu bila friji, kwani vijidudu havipati maji ya kuishi humo. Haiogopi joto kama chokoleti, ambayo ukiibeba utafika na uji. Na zaidi ya kudumu, halwa ina heshima pande zote mbili. Wasomali wanaiita xalwo, huiweka kwenye harusi na Idi kama sisi, na asili yake na yetu ni ile ile ya Uarabuni kupitia bahari. Hutakuwa umewapelekea kitu kigeni, utakuwa umewapelekea kitu wanachokijua kilichopikwa na mkono mwingine, na watailinganisha na yao mbele yako. Kubali hukumu. Nunua iliyopikwa wiki hiyo hiyo, iwe kwenye kopo lenye kifuniko, na usiitie kwenye friji maana hukauka ikawa ngumu.

Majina mengine nayo yanasafiri: sambusa kwao ni sambuus, kashata ni kashaato, na mkate wa mofa ni muufo. Ukifungua kikapu na majina yakatambulika, mazungumzo yanaanza yenyewe. Visheti vikavu hudumu wiki na zaidi. Kashata za njugu hudumu, lakini za nazi mbichi hazifiki mbali, chagua zilizokaushwa vizuri. Mabuyu ya rangi huwafurahisha watoto, ingawa rangi huishia kwenye nguo za Idi. Krisps za muhogo za Mombasa hupendwa mno, na ni nyepesi. Tende zinafaa siku zote. Kaimati usibebe zikiwa zimeshatiwa shira; nenda na unga, hamira na iliki, uzikaange huko jioni na wenyeji.

Achari ya ndimu au ya embe iliyokaa vizuri kwenye chumvi, siki na pilipili ni zawadi ambayo watu hawaifikirii. Mezani Garissa kuna wali, au baasto, pamoja na nyama ya mbuzi au ya ngamia, ndizi mbivu pembeni, na bisbaas, ile pilipili yao ya kusaga. Achari ya Pwani inaingia hapo bila kubisha hodi. Ifunge kwenye chupa ya kioo na usijaze hadi juu, joto litaisukuma itoke.

Papa mkavu na ng'onda ni vyakula vinavyovumilia safari, lakini uliza kwanza. Familia nyingi za wafugaji hazikukulia kwenye samaki, na harufu yake ndani ya basi inaweza kukufarakanisha na abiria arobaini.

Usibebe nyama. Garissa ni moja ya masoko makubwa ya mifugo katika eneo hili, na mwenyeji akichinja ndiyo heshima anayokupa. Ukija na kilo tano za ng'ombe kutoka Mombasa ni kama kumwambia humtarajii. Vile vile usihangaike na matikiti, ndizi, mapapai au maembe. Mashamba ya kando ya Tana yanazaa hayo yote.

Kinachohitajika kweli nyumba inapojaa wageni ni vitu vya stoo: mchele mzuri, sukari, majani ya chai, mafuta, unga wa ngano. Havina mbwembwe, na baadhi ya watu huona haya kuvipeleka. Lakini chai ya maziwa yenye iliki, tangawizi na mdalasini huchemshwa hapo tangu asubuhi hadi usiku, na kilo tano za sukari hazimalizi siku nyingi. Usivitangaze sebuleni mbele ya wanaume. Mkabidhi mama mwenye nyumba jikoni, umwambie ni vya watoto.

Kwa kiasi: kilo moja ya mchele huwatosha watu saba au wanane kwenye sinia mbili. Kilo moja ya halwa, ukikata vipande vidogo vya kahawa, hutosha watu ishirini. Halafu zidisha, kwa sababu Garissa majirani hawaalikwi, wanakuja.

Vinywaji. Soda na maji ya chupa vinapatikana mjini, usilipie mzigo. Beba ukwaju uliochemshwa na sukari ukawa mzito, au shira ya ndimu, uchanganye na maji baridi huko. Hiyo ndiyo hekima ya kinywaji cha safari, unabeba ladha na kuyaacha maji. Sharubati ya embe au parachichi iliyosagwa nyumbani huchachuka kabla ya Garsen. Madafu mazima hudumu siku kadhaa na watoto wa huko huyafurahia, ila ni mazito. Kahawa chungu beba ikiwa buni iliyokaangwa na kutwangwa pamoja na tangawizi, si kwenye chupa ya chai. Njiani hesabu maji lita tatu kwa kila mtu mzima. Gandisha chupa mbili tatu usiku wa kuamkia safari. Zitapoza kikapu, kisha utazinywa.

Utakaribishwa maziwa ya ngamia. Yana chumvi kidogo, na yakichachushwa huitwa suusaac. Ni matamu ukishayazoea, na kuyakataa kwa kukunja uso ni utovu wa adabu. Lakini maziwa mabichi, ya ngamia au ya ng'ombe, yanaweza kuleta brusela, homa inayokwenda na kurudi pamoja na maumivu ya viungo, na wajawazito na watoto wadogo hawafai kujaribu. Njia ya heshima ni kuomba yatiwe kwenye chai. Yatachemka, na mwenyeji atafurahi.

Kama sherehe iko nje ya mji, tuseme Masalani au Modogashe, usitegemee friji. Garissa ina kituo cha umeme wa jua cha kama megawati 50 kilichozinduliwa Disemba 2019, lakini umeme huo huingia kwenye gridi ya taifa na haujafika kila boma.

Peremende laini na keki za dukani soma karatasi yake. Jelatini isiyotajwa asili yake huwatia watu wasiwasi, na alama ya halali huondoa maswali kabla hayajaulizwa. Tazama na tarehe ya mwisho.

Kufunga: ndoo za plastiki zenye vifuniko, makopo, na vikapu vya ukili. Juala za kubebea zimepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na vizuizini mizigo hufunguliwa. Kikapu cha chakula kae nacho ndani ya basi, miguuni, upande usio na jua.

Na acha ndoo moja tupu. Siku ya kurudi utapewa nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa ikakauka na kuhifadhiwa ndani ya samli. Hiyo haiogopi basi wala jua. Funga kifuniko kwa kamba, isije ikamwaga samli kwenye nguo karibu na Hola.