Kutoka Chenga hadi Bando: Safari ya Runinga ya Bure Tanzania

Mwaka 1973 Zanzibar ilizindua televisheni ya rangi, ya kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara. Ng'ambo ya pili, serikali ya Mwalimu Nyerere iliihesabu runinga kuwa anasa, na Bara ikakaa miaka 21 zaidi bila kituo chake. Wenye uwezo Dar es Salaam walifunga antena kwenye mlingoti mrefu na kuielekeza Unguja. Kijana wa nyumba ndiye aliyepanda kuigeuza, huku sebuleni wakimpigia kelele: "Bado chenga! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!"

Vituo vya ITV na CTN vilipoanza Bara mwaka 1994, antena haikuwa na haja tena ya kuvuka bahari. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikusanya nyumba nzima, na jirani asiye na seti alijibanza mlangoni. Ukishanunua seti na antena, ulichodaiwa ni umeme tu. Gharama za kituo zilibebwa na matangazo ya sabuni na soda.

Ubure huo ulianza kumong'onyoka kabla intaneti haijafika sebuleni. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Runinga ya chogo ikawa haioni kitu bila king'amuzi, na pamoja na king'amuzi likaja neno jipya katika bajeti ya nyumba: kifurushi. Chaneli za kitaifa zilitakiwa zionekane hata kifurushi kikiisha. Lakini mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliziamuru kampuni za ving'amuzi vya setilaiti ambazo leseni zao hazikuruhusu kubeba chaneli za bure ziziondoe. Aliyekuwa na dishi juu ya paa akaikosa ITV aliyoizoea tangu utotoni.

Mpira nao ukahama. Azam TV iliingia hewani mwaka 2013, na mwaka 2021 ilitia saini mkataba wa kurusha Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Klabu zilineemeka, shabiki asiye na kifurushi akaenda banda umiza, akatoa kiingilio.

Netflix ilipofungua huduma katika nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, Januari 2016, Tanzania ikiwamo, ilimkuta mtazamaji aliyekwisha kufundishwa kulipa. Hata hivyo ilidai malipo ya kila mwezi na bando nene, ikabaki ya wachache. Walio wengi walivutwa na YouTube, ambako msanii wa Bongo hurusha tamthilia yake kipande kwa kipande bila kumbembeleza mkurugenzi wa vipindi. Vituo vyenyewe vikawafuata watazamaji huko huko, na leo habari za saa mbili zinarushwa mubashara kwenye simu.

Anayeilaumu intaneti peke yake kwa kuipokonya runinga watazamaji anaanzia hadithi katikati. Mlango ulifunguliwa na king'amuzi. Habari bado zinaitwa za bure, ila bando ananunua mtazamaji, na likiisha kabla ya taarifa ya michezo, kioo kinaganda.