Sanamu ya Mvuvi wa Hull na Mizinga Iliyolia Gizani



Katika mji wa Hull, bandari ya pwani ya mashariki ya Uingereza, kuna barabara iitwayo Hessle Road. Kwa miaka mingi hapo ndipo palipokuwa maskani ya wavuvi wa bahari kuu na jamaa zao. Mgeni anayepita barabara hiyo hukutana na sanamu ya mvuvi, mkono mmoja ameuinua juu. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1906, na gharama zake zililipwa kwa michango ya wananchi.

Mji wa Hull huwakumbuka wavuvi wake wapatao 6,000 waliopotea baharini katika vizazi mbalimbali. Wengi walichukuliwa na tufani, barafu na mawimbi. Lakini wale ambao sanamu hii ilisimamishwa kwa ajili yao hawakuuawa na bahari. Waliuawa na mizinga ya manowari za nchi isiyokuwa na ugomvi wowote nao. Kwa sababu hiyo habari zao zinamhusu kila mtu aliyekabidhiwa silaha na taifa lake.

Mwaka 1904 Urusi na Japani zilikuwa vitani. Vita hivyo vilianza mwezi wa Februari, wakati mashua za Kijapani zenye kurusha topedo ziliposhambulia usiku manowari za Kirusi zilizotia nanga Port Arthur, katika Mashariki ya Mbali. Mwezi wa Oktoba Urusi ilituma kundi la manowari kutoka Bahari ya Baltiki, chini ya Admirali Rozhestvensky, kwenda kuwasaidia wenzao. Uvumi ulikuwa umekwisha kuenea kwamba Wajapani wameficha mashua za topedo katika bahari za Ulaya. Japani ilikuwa mbali na hapo kwa maelfu ya maili, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Jioni ya tarehe 21 Oktoba, meli ya mafundi iitwayo Kamchatka, iliyokuwa imeachwa nyuma na wenzake, ilipeleka habari kwa simu ya upepo kwamba inafukuzwa na mashua za topedo. Habari hiyo haikuwa ya kweli, wala haikuthibitishwa. Yapata saa saba ya usiku huo, manowari zilifika Dogger Bank, mahali penye kina kifupi katika Bahari ya Kaskazini, ambapo wavuvi wa Hull walikuwa kazini. Nyavu zao zilikuwa majini, hata hawakuweza kukimbia. Kurunzi kubwa ziliwamulika, na mizinga ikaanza kulia. Baadhi ya wavuvi waliinua samaki mikononi ili ionekane kwamba wao ni wavuvi tu. Haikuwafaa kitu.

Mizinga ilinguruma kwa dakika kumi na zaidi. Meli ya uvuvi iitwayo Crane ilizama. Nahodha wake, George Henry Smith, na baharia William Richard Leggett, waliuawa; wengine sita walijeruhiwa. Katika ghasia hiyo manowari za Kirusi zilipigana zenyewe kwa zenyewe: Aurora ilipigwa na wenzake, na kasisi wake akafa kwa majeraha. Kisha kundi lote likaendelea na safari bila ya kusimama kuwaokoa wavuvi. Nahodha wa meli ya Mino, Walter Whelpton, alifariki mwezi wa Mei, 1905, kwa mshtuko wa usiku ule. Jina lake nalo limo katika ukumbusho huo.

Uingereza ilighadhibika, na manowari zake zikawekwa tayari. Vita baina ya mataifa mawili makubwa vilikuwa karibu. Hata hivyo, serikali hizo zilikubaliana kupeleka shauri mbele ya Tume ya Uchunguzi, kwa kufuata Mkataba wa The Hague wa mwaka 1899. Maadmirali watano, wa Uingereza, Urusi, Ufaransa, Marekani na Austria, walikutana Paris. Mwezi wa Februari, 1905, walitoa uamuzi: hapakuwa na mashua yoyote ya topedo, na kufyatua mizinga hakukuwa na haki. Urusi ililipa fidia ya pauni 66,000, na vita vikaepukwa.

Manowari zile zilizunguka Bara letu la Afrika, zikakaa miezi kadhaa Nosy Be, katika kisiwa cha Bukini, na mwishowe zikaangamizwa na Wajapani huko Tsushima tarehe 27 na 28 Mei, 1905. Wepesi wa kuwapiga wavuvi haukuwapa nguvu mbele ya adui wa kweli.

Askari huenda akauliza: je, ningoje mpaka nipigwe mimi kwanza? La, hasha. Kazi ya kujilinda huanza kabla ya kidole kufika kwenye bunduki. Dogger Bank ilikuwa bahari ya wavuvi, jambo lililojulikana na kila baharia wa Ulaya; mkuu mwenye kujiandaa angetazamia kukuta taa zao. Habari iliyotoka kwa mtu mmoja mwenye hofu hupimwa kwanza, haigeuzwi kuwa amri. Na ikiwa kosa limekwisha kutendeka, aliyejeruhiwa haachwi majini.

Katika maziwa ya Tanganyika na Viktoria, wavuvi wa dagaa hutoka usiku na taa zao, kama walivyotoka watu wa Hull. Askari wa doria anayeziona taa hizo kwa mbali hana budi kujua kwamba mwenye taa ni mwananchi, mpaka ithibitike vinginevyo. Mwananchi huyo ndiye aliyekabidhiwa kumlinda. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Nayo sanamu ya Hull, pamoja na uzuri wake, haikumrudisha mtu hata mmoja nyumbani kwake.