Buffalo na Hamilton: Marekani na Kanada kwenye mizani moja

 Kuna swali halichuji kwa vijana wa hapa Ijuganyondo, Bukoba: "Bora Marekani au Kanada?" Mimi naona swali lenyewe ni pana mno. Mtu haishi Marekani nzima. Anaishi mtaa mmoja wa mji mmoja, hapo ndipo analipa pango na hapo ndipo anasubiri basi. Kwa hiyo tuache New York na Toronto za kwenye sinema, tuchukue miji miwili ya saizi ya kati: Buffalo, jimbo la New York, na Hamilton, jimbo la Ontario.

MAHALI ILIPO
Toka Buffalo hadi Hamilton ni kilometa 100 na ushee. Chukulia safari ya Bukoba hadi Mutukula, ongeza kidogo, na mpaka wenyewe uko katikati. Unavuka mto Niagara kwa daraja la Peace Bridge lililofunguliwa mwaka 1927. Yote ni miji ya ziwa kama wetu: Buffalo iko Ziwa Erie, Hamilton iko Ziwa Ontario.

WATU
Sensa ya 2020 iliikuta Buffalo na watu 278,349. Hamilton mwaka 2021 ilikuwa na 569,353. Usikimbilie kusema Hamilton ni kubwa mara mbili. Mwaka 2001 Hamilton iliunganishwa na miji midogo na mashamba ya jirani, ndiyo maana namba imevimba. Buffalo ukiijumlisha na vitongoji vyake inapita watu milioni 1.1. Kwa kulinganisha, Manispaa ya Bukoba sensa ya 2012 iliikuta na watu 128,796.

KAZI
Miji yote ilijengwa na chuma. Buffalo mwaka 1950 ilikuwa na watu zaidi ya 580,000. Viwanda vikafa, na kile kikubwa cha Bethlehem Steel pale Lackawanna kilifunga sehemu kubwa ya shughuli zake mwaka 1983. Watu wakahama, nyumba zikabaki. Hamilton nayo ilipoteza ajira nyingi, lakini bado inafua chuma. Leo hospitali na vyuo vikuu ni waajiri wakubwa kote kuwili.

Sasa mshiko. Mwishoni mwa 2025 kima cha chini Ontario kilikuwa dola 17.60 kwa saa, Buffalo dola 15.50. Usishangilie bado! Ile ya kwanza ni dola ya Kanada, ambayo mwaka huo ilikuwa kama senti 70 za Marekani. Ukigeuza unapata kama dola 12 na ushee. Kumbe mbeba boksi wa Buffalo anamzidi mwenzake kwenye karatasi.

NYUMBA NA USAFIRI
Hapa pia Buffalo inaongoza. Nyumba zake za zamani ni za bei nafuu kuliko Hamilton, ambako watu waliokimbia bei za Toronto wamepandisha kila kitu. Ila nyumba ya zamani inataka joto, na bili ya gesi wakati wa baridi haina huruma.

Buffalo ina treni ya mjini ya kama kilometa 10 tu, iliyoanza miaka ya 1984 na 1985. Nje ya hapo ni basi au gari lako. Hamilton ina mabasi, na treni za GO zinazokupeleka Toronto. Kampuni yake ya mabasi bado inaitwa Hamilton Street Railway, wakati tramu ziliondolewa mwaka 1951!

UKIUGUA
Hapa mizani inageuka. Hamilton, mkazi mwenye sifa anapata kadi ya bima ya jimbo, OHIP. Daktari na hospitali hulipi mlangoni. Dawa za dukani na miwani ni habari nyingine, wengi wanategemea bima ya kazini au mfuko wao. Buffalo, bima yako mara nyingi inakuja na kazi, au Medicaid kama kipato ni kidogo. Sheria ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye kitengo cha dharura kumhudumia mgonjwa wa dharura hata kama hana kitu, lakini bili itamfuata nyumbani. Ile nafuu ya mshahara na pango inaweza kuishia kwenye mguu mmoja uliovunjika.

USALAMA NA BARIDI
Tarehe 14 Mei 2022, Buffalo, mbaguzi aliua watu weusi 10 ndani ya duka la Tops. Kanada nako watu wanauawa kwa risasi, ila kwa kiwango cha chini sana, na Oktoba mwaka huohuo walisimamisha uuzaji wa bastola kwa raia. Baridi haina ubaguzi, ingawa theluji ya ziwa inaionea zaidi Buffalo. Dhoruba ya Desemba 2022 iliua watu zaidi ya 40 eneo hilo.

WASWAHILI
Buffalo, hasa West Side, imepokea wakimbizi wengi toka Kongo, Burundi na Somalia. Kiswahili utakisikia.

NJIA, NA MATAPELI
Kanada haina bahati nasibu ya viza. Inatumia pointi tangu 1967, na maombi ya wenye ujuzi yanapita Express Entry tangu 2015. Anayekuuzia "bahati nasibu ya Kanada" hapo kafeni ni mwizi, mwache na fomu yake. Bahati nasibu ya Marekani ipo tangu miaka ya 1990, ila Desemba 2025 serikali yao ilitangaza kuisimamisha. Kabla ya kutoa hata shilingi, soma tovuti rasmi ya serikali husika.

Na wale wa "nikifika Buffalo nitavuka tu": tangu mwaka 2004 mikataba ya nchi hizi inawarudisha wengi wanaoomba hifadhi mpakani, na Machi 2023 ilibanwa hata kwa waliopita njia za panya.

KWA UFUPI
Kijana mzima asiye na familia, anayetaka kuweka akiba haraka, Buffalo inamlipa. Mwenye watoto au maradhi ya kudumu, Hamilton inampa usingizi. Piga hesabu ya mshahara, toa pango, toa nauli, toa hospitali. Kinachobaki ndiyo majuu yenyewe.

Mlioko huko, tiririkeni na bei za mitaani kwenu. Uwanja ni wenu.